Tulivyoushika Mkono wa Owuor

Vijana wa karakana, mliniomba niandike jinsi chama chetu kilivyofanya kazi kabla hamjaja, nami nikakubali kwa sababu nimestaafu na asubuhi sina pa kwenda. Sitaandika nani alikuwa mwenyekiti na kwa miaka mingapi. Wenyeviti walikuja wakaenda, na wengi wao hata kuosha brashi hawakujua. Nitaandika kazi yenyewe, na zaidi nitaandika habari za fundi Owuor, maana kila siku mnaandika herufi zake na hakuna hata mmoja wenu aliyemwona.

Mimi nilitoka Ntimaru nikiwa msichana aliyejua kuchora ng'ombe kwenye kuta za shule ya msingi, nikadhani hiyo inatosha. Migori mjini nikaelekezwa kwa Owuor, mwandishi wa mabango, aliyekuwa akifanya kazi chini ya mabati nyuma ya soko. Alikuwa mrefu, mkimya, na hakupenda kupoteza maneno.

"Unajua kuandika?" akaniuliza.

"Najua kuchora."

"Sijauliza hiyo."

Akanipa msasa na bati lenye kutu. Nikasugua mpaka adhuhuri. Akaja, akapitisha kiganja juu ya bati, akasema, "Bado." Nikasugua tena. Jioni akapitisha kiganja mara nyingine, akasema, "Sasa inaanza kuwa bati." Kisha akaenda zake nyumbani. Nilimchukia kwa dhati, na kama ningekuwa na nauli ya kurudi Ntimaru ningeondoka usiku ule. Kutokuwa na nauli kumewafanya watu wengi kuwa mafundi katika nchi hii.

Baada ya msasa nikapewa rangi ya kwanza, ile nyeupe ya chini. Baada ya rangi ya kwanza nikapewa uzi wa chaki. Huu mnaujua: mmoja anashika huku, mwingine anashika kule, unavutwa na kuachiliwa, na mstari unabaki ukutani. Owuor alikuwa akisema kazi yetu haiwezi kufanywa na mtu mmoja, na nilipotarajia anieleze maana kubwa ya jambo hilo akasema ni kwa sababu uzi una ncha mbili. Brashi nzuri za kuandikia hazikupatikana, kwa hiyo tulinunua za kupakia kuta tukazikata kwa wembe. Alinifundisha kuegemeza mkono kwenye fimbo yenye kitambaa nchani, kuvuta pumzi kabla ya kuanza herufi na kutoitoa mpaka herufi iishe. Hilo la pumzi bado nalifanya, hata nikitia sahihi kliniki.

Kwetu tunaposema mkono tunamaanisha namna fundi anavyoandika, na kila fundi alijulikana kwa mkono wake. Mkono wa Owuor ulitambulika kutoka ng'ambo ya barabara. Herufi yake S ilikuwa na tumbo kubwa chini, kama mama aliyekaa kitako sokoni. R ilinyoosha mguu kuliko inavyohitajika. Kivuli cha herufi kilianguka kushoto siku zote, hata kama jua la duka lile lilitoka upande mwingine kabisa. Wenye maduka kuanzia Isebania hadi Homa Bay waliamini bango la Owuor linaleta wateja. Sijui kama lilileta. Najua walisubiri zamu kwa wiki nyingi ili walipate.

Chama kilizaliwa kwa aibu. Mafundi wawili walipigana mbele ya bucha wakigombea ngazi, na mmoja akafuta kazi ya mwenzake rangi ikiwa bado mbichi. Mwenye bucha akabaki na ukuta wenye nusu ya kichwa cha ng'ombe. Owuor akatuita wote, akatupikia chai na nyoyo, mahindi na maharagwe, akatuambia tunavyoendelea tutamaliza kuta na kumalizana wenyewe. Tukakubaliana kununua rangi pamoja, kutumia ngazi pamoja, na kugawana kazi: mmoja apime, mmoja aandike, mmoja ajaze. Kilichopatikana kiliingia chungu kimoja. Wenzetu wa Kendu Bay waliokuwa wakipaka mitumbwi wakajiunga. Kina mama wanaokausha omena wakataka bango la kikundi chao, nasi tukalipwa omena. Maseremala wakatupa fremu, tukawaandikia jina la karakana yao. Siku moja wageni walikuja na gari refu, wakatutazama sana, wakasema tunafanya uchumi wa mshikamano. Tulifurahi kusikia. Mpaka siku hiyo tulidhani ni umaskini tu tunaoufanya kwa pamoja.

Sheria iliyokuwa yetu peke yetu ni ile ya kushika mkono. Ilianza na Akinyi, mchoraji wa mitumbwi wa Kendu Bay, alipokuwa na mimba ngumu na daktari akamwamuru alale. Wenye mitumbwi walitaka samaki wa Akinyi, si samaki wa mtu mwingine. Kikao kikaamua kwamba mwenzetu akiugua, mkono wake hautalala naye. Sisi tutaandika kama yeye, tutachora kama yeye, na fungu lake litafika nyumbani kwake kama vile alikuwa kazini. Mteja hataambiwa kitu, kwa sababu mteja akijua fundi yuko kitandani anahamia kwa mwingine. Owuor mwenyewe ndiye aliyechora samaki wa Akinyi, akilalamika kwamba samaki wote wa mwanamke huyu wanacheka na hajui wanacheka nini. Mtoto alipozaliwa salama Akinyi alirudi, akachukua mkono wake kama mtu anayechukua sufuria aliyoazima jirani. Tukaona sheria ni nzuri. Bado naona ilikuwa nzuri, na ndiyo maana habari hii inaniwia ngumu.

Owuor alipigwa na kiharusi juu ya ngazi, akiandika jina la shule kwenye ukuta wa lango huko bonde la Lambwe, karibu na kwake. Akinyi alikuwa ameshika ngazi. Anasema mzee alisimama katikati ya herufi kwa muda mrefu, naye akadhani anafikiria. Kisha akateremka polepole, ngazi kwa ngazi, akakaa chini akajaribu kusema, na maneno yakatoka yamelegea. Mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia. Tulimpeleka hospitali, na ukuta ukabaki na nusu ya jina.

Mwalimu mkuu, ambaye siku ile hakuwepo wala hakuambiwa kilichotokea, akatuma ujumbe kwamba lango linahitajika. Nikaenda mimi. Nilikuta herufi aliyoiacha, rangi imekauka mahali brashi iliposimama, nikalia pale mbele ya watoto wa darasa la kwanza. Kisha nikavuta pumzi nikaanzia pale alipoishia. Nilipomaliza, mwalimu mkuu akatoka akatazama, akasema, "Owuor hawezi kuharibu kazi." Ndivyo nilivyouanza mkono wake.

Msidhani ilikuwa rahisi. Mkono wa mtu si herufi tu, ni haraka yake na uchovu wake. Owuor alibonyeza brashi mwanzoni akailegeza mwishoni, na kila S ilikuwa tofauti kidogo na dada yake. Mimi peke yangu ningeweza kufuata hilo, lakini kazi zilikuwa nyingi, na wenzangu walipoandika, kila mmoja alimwandika Owuor wake. Mteja mmoja wa Awendo akauliza mbona bango lina Owuor watatu. Kwa hiyo tukakaa, tukachora herufi zake zote kwenye makaratasi magumu, tukazikata, tukakubaliana: tumbo la S liwe hivi, mguu wa R uishie hapa, kivuli kiwe upana huu. Tuliunyoosha mkono. Ukawa safi, ukawa mmoja, na wateja wakaongezeka. Watu walisema Owuor amezidi kuwa fundi uzeeni.

Kila baada ya muda tulikwenda Lambwe kumpelekea fungu lake. Mkewe, Min Otieno, yaani mama yake Otieno, alitupokea kwa uji akatushukuru mpaka tukaona haya. Watoto walibaki shuleni. Mzee alikaa kwenye kiti cha kamba, mkono mapajani, akiuliza habari za kazi kwa ulimi mzito.

"S bado inakaa?"

"Inakaa, Mzee."

"Ero kamano," akasema, yaani asante, akatazama pembeni.

Ilipita miaka. Alianza kutembea na fimbo, kisha bila fimbo, na Min Otieno akatuambia kwamba anaandika kwa mkaa kwenye mlango wa zizi kila asubuhi, anafuta, anaandika tena. Hatukuamini. Halafu siku moja akashuka Migori peke yake, akaingia karakana, akachukua brashi kwa mkono ule ule wa kulia. Tulipiga makofi. Akinyi aliruka kama msichana. Sijawahi kufurahi kazini kama siku ile.

Kazi yake ya kwanza tulimchagulia kwa upendo. Lilikuwa duka la vifaa vya ujenzi mjini, ambalo Owuor alikuwa ameliandikia bango la kwanza zamani, kwa mfanyabiashara mzee aliyetoka mbali. Sasa mzee yule alikuwa amefariki, na mpwa wake Abdi amekuja kutoka Garissa kuendesha duka. Abdi aliitisha bango jipya la mkono wa Owuor, kama lile la mjomba lililokwisha kufutika kwa jua. Mimi nilivuta uzi wa chaki upande mmoja, Akinyi upande wa pili, na Owuor akaandika. Alichukua siku nzima. Mkono ulitetemeka kidogo kwenye mikunjo, lakini S ilikaa, R ikanyoosha mguu, kivuli kikaanguka kushoto. Alipomaliza alikuwa amelowa jasho. Kwangu lilikuwa bango zuri.

Abdi akatoka dukani, akatazama juu kwa muda.

"Mama," akaniambia mimi, "hii si ya Owuor."

"Ni ya Owuor," nikasema.

"Hapana, mama, usinidanganye. Mimi kazi ya Owuor naijua, iko kwa town yote. Cheki hapo kwa chemist, cheki hapo kwa hoteli. Ile imenyooka. Hii S imelala kama imelewa." Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa adabu, na akamgeukia mzee aliyesimama kando ya ngazi na brashi mkononi. "Mzee, usikasirike. Umejaribu. Lakini mimi niliitisha Owuor mwenyewe."

Akinyi akafungua mdomo. Owuor akamwinulia kidole, akamnyamazisha.

"Ni kweli, kijana," akasema. "Owuor ako safari. Atakuja kesho."

Akanipa brashi. Hakuniangalia usoni. Kesho yake nililifuta bango lile kwa rangi nyeupe na kuliandika upya kwa makaratasi yetu, na Owuor ndiye aliyenishikia ngazi. Abdi akatoka, akacheka kwa furaha, akatuletea chai ya maziwa na mahamri. Owuor alikunywa yake akiwa amesimama. 

Kikao cha wiki ile kilikuwa kizito. Akinyi alitaka tumwambie kila mteja ukweli, na mkono urudi kwa mwenyewe, uwe unatetemeka au usitetemeke. Wengine wakasema wateja watakimbia, maana nusu ya kazi zote za chama sasa zilikuja kwa sababu ya mkono ule, na si nyumba ya Owuor tu iliyokuwa ikila. Watu walipandisha sauti. Mimi nilisema upande wa Akinyi, kwa sauti ndogo, na sikusikilizwa. Mwisho mzee akainuka.

"Mkiacha hii kitu, nani atakula?" akauliza. "Mimi niligonjeka, mkanibeba. Sasa hii mkono imebeba watu wengi. Siwezi kuiambia iwaangushe juu ya vile mimi nimepona." Akapangusa mdomo. "Lakini naomba kitu moja. Nyar Kuria anifundishe."

Nyar Kuria, binti wa Wakuria, ndivyo alivyoniita tangu siku ya msasa. Sikuelewa. "Nikufundishe nini, Mzee?"

"Kuandika kama Owuor."



Kwa hiyo nilimfundisha. Alasiri, kazi zikipungua, alikaa kwenye benchi nililokalia nikiwa msichana, nami nikasimama nyuma yake na kumwambia hapa unabonyeza sana, hapa unarudi nyuma, hapa mguu umezidi. Alisikiliza kwa utulivu kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kuwa naye. Lakini mkono haukushika. Kila mara mkono ulirudi kwenye njia yake. Siku moja nilikwenda stoo, nikatoa bango lake la zamani sana lililorudishwa na duka lililofungwa, nikaliweka kando ya alichoandika muda ule. Ukiondoa mtetemo, zilikuwa herufi zile zile. Sisi ndio tuliohama. Yeye alikuwa amebaki pale pale.

"Mzee, tazama," nikamwambia. "Wewe hujakosea popote. Ni sisi."

"Najua," akasema. "Niliona siku ya kwanza nikishuka kwa stage. Niliangalia mabango yote nikasema, huyu mtu anaandika vizuri."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Ile yenu ndiyo watu wanataka."

Baada ya hapo hakuomba tena kufundishwa. Alichukua msasa na rundo la mabati yenye kutu, akaanza kusugua. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya mpaka mwisho, na aliifanya vizuri, na sikuwahi kuwa na moyo wa kupitisha kiganja juu ya bati lake. Wanafunzi wapya waliingia, wakamwona mzee wa msasa, wakamsalimu na kumpita. Kuna mmoja alimwambia akisugua vizuri huenda siku moja atafundishwa mkono wa Owuor. Akamjibu kwamba angefurahi sana. Nilitoka nje nikazunguka soko zima kabla sijaweza kurudi.

Alifariki kwake Lambwe wakati wa mvua. Mnajua mazishi ya Waluo hayana haraka, na msalaba lazima uandikwe vizuri kwa sababu watu watausoma. Wanawe wakatuomba tuuandike kwa mkono wa baba yao. Niliandika mimi. Nilijaribu, nawaapia, nilijaribu kurudi kwenye ule wa zamani, ule wa bango la stoo, wenye haraka yake na uchovu wake. Vidole havikukubali. Ukatoka safi, umenyooka, kama bango la duka la dawa. Waombolezaji walipita wakausoma, na mzee mmoja wa Kendu Bay akasema ni kama marehemu amejiandikia mwenyewe. Min Otieno aliusoma pia. Alinishika mkono, akanishukuru, na hakusema kitu kuhusu maandishi.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi na sina somo la kuwapa. Bila sheria yetu, Owuor angekufa mapema zaidi na watoto wake wangechunga ng'ombe wa watu. Hilo ni kweli, nililiona kwa macho. Na ni kweli pia kwamba tulimchukulia kitu ambacho hatukujua namna ya kukirudisha. Akinyi anasema tungeziacha zile tofauti zote, kila S na dada yake. Labda. Lakini mteja wa Awendo angelalamika, na tungemsikiliza, kwa sababu tulikuwa na njaa.

Niwaeleze sasa siku yenu ya kuniaga, kwa sababu mliona nilivyoondoka mapema na baadhi yenu mkadhani nilikasirishwa na pilau. Pilau ilikuwa nzuri. Mwenyekiti wenu alisimama akasema magoti yangu yamenitoa kazini lakini chama hakinitoi, na kwamba mmeamua kwa kauli moja kuushika mkono wangu, ili fungu langu lifike Ntimaru muda wote nitakaokuwa hai. Mlipiga vigelegele. Nilishukuru kutoka moyoni, na nitalipokea, msije mkasikia nimekataa. Kisha mkaniletea bati jeupe na brashi iliyokatwa vizuri, mkaniomba niandike herufi zote, kubwa na ndogo, kwa mkono wangu, mpate kujifunza.

Nikavuta pumzi, nikaandika. Mlikuwa mmenizunguka. Nilipofika S, Vero, yule mdogo wenu mwenye macho makali, akainama karibu na bati.

"Mathe," akasema, "si hii ni ile ya Owuor?"

Nikalifuta kwa kitambaa nikaandika tena. Nikalifuta tena. Mkadhani ninatania, mkaanza kucheka, nami nikacheka nanyi, nikawaambia nitakwenda nalo nyumbani, niliandike nikiwa na nafasi na kuwatumia kwa gari la Ntimaru. Mmeuliza mara kadhaa kwa simu kama liko tayari. Kila asubuhi nalitoa nje kwenye mwanga, naandika jina langu, Boke, herufi nne tu. Nalitazama mpaka chai inapoa, kisha nalipaka nyeupe.